Uzi: Chavua inachoma umio, au tunausingizia upepo?

#1 KusiMalindi
Salaam wadau. Nina hoja, nikosoeni. Huku pwani mtu mwenye mafua ya aleji, yaani chafya, macho kuwasha na pua kumiminika, akisema chakula kinamkwama kifuani hupewa dawa ya asidi na habari inaishia hapo. Mimi nadai baadhi yao wana uvimbe wa umio unaoletwa na eosinofili, zile chembe nyeupe za damu zinazojaa puani mwa mwenye aleji. Na kinachoziamsha ni chavua. Masika yakikatika, nyasi zikitoa mashuke kuanzia Gede hadi Mambrui, mivinje ikimwaga vumbi lake la kahawia, koo nalo linabana. Je, chavua inafika umioni? Au ni magonjwa mawili yamekutana kwa mtu mmoja tu?

#2 FundiKamera
Kabla ya kuhukumu chavua, hakikisha ugonjwa wenyewe upo. Uvimbe huu hauthibitishwi kwa maelezo ya mgonjwa wala kwa kipimo cha damu. Ni kamera iteremke, na vipande vya ukuta wake vichukuliwe hata kama umio unaonekana safi, maana kuna wagonjwa ambao kwa macho huoni kitu. Vipande visipungue 6, vitoke sehemu mbili tofauti: chini karibu na tumbo, na katikati au juu. Sababu ni kwamba eosinofili hazijipangi sawasawa, zinakaa mafungu mafungu. Ukichukua kipande kimoja cha chini unaweza kulikosa fungu, au ukaokota zile chache zinazoletwa na asidi ya tumbo.

Maabara nao waombwe kwa maandishi wahesabu. Mpaka ni eosinofili 15 au zaidi katika eneo moja la darubini kwenye ukuzaji mkubwa. Ripoti inayosema "uvimbe wa kawaida" bila namba haina msaada wowote.

Ukiona pete pete kama za bomba la kufyonza maji, mifereji ya wima, na vidoadoa vyeupe, shuku. Vidoadoa hivyo hufanana na fangasi, na wengi wamepewa dawa ya fangasi kwa sababu yake.

#3 BintiAmu
Hoja ya #1 ina msingi. Punje ya chavua ya nyasi ina upana wa maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 30 hadi 40 hivi, na ya mahindi inapita 80. Kitu kikubwa kuliko maikroni 10 hakifiki ndani ya mapafu, kinanaswa puani na kooni. Kisha vinyweleo vya ndani ya pua vinausukuma ute nyuma, nasi tunaumeza mchana kutwa bila kujua. Kwa hiyo chavua iliyoingia puani, sehemu kubwa yake ndia yake ya mwisho ni umio. Kuta za umio zikiwa zimechunika kidogo, protini za chavua zinapenya na kinga ya mwili inazipokea kama adui.

#4 Mzinga_wa_Nyuki
"Ndia" 😂 Waamu hata kwenye tiba hamuachi lahaja.

#5 BintiAmu
Ndia ni ndia. Wewe iite njia, chavua itapita pale pale.

#6 PanyaMweupe
Samahani BintiAmu, hesabu yako ya kumeza ni nzuri lakini kuna panya wanaikataa. Mwaka 2001 Mishra na wenzake, katika maabara ya Rothenberg kule Cincinnati, waliwapa panya vizio (vitu vinavyoamsha aleji) vya ukungu aina ya Aspergillus. Waliotiwa puani walipata eosinofili umioni. Waliopewa kitu kile kile kwa mdomo au moja kwa moja tumboni hawakupata. Kama kumeza ndiko kunakoleta ugonjwa, kundi la pili ndilo lingeugua.

Tafsiri yangu ni hii: njia za hewa zikishakasirika, ishara zinapita kwenye damu. Uboho wa mifupa unatengeneza eosinofili kwa wingi kwa amri ya interleukini 5, protini ya kinga inayobeba ishara, kisha zinaitwa umioni. Panya wasio na interleukini 5 walikingwa. Kwa maneno mengine, chavua haihitaji kuugusa umio. Inapiga kengele puani, moto unawaka chini.

#7 BintiAmu
Panya hamezi ute kama mtu, na ukungu si chavua. Halafu kama damu ndiyo inayobeba kila kitu, kwa nini zijae umioni na si kwenye kongosho?

#8 PanyaMweupe
Kwa sababu ukuta wa umio wenyewe ndio unaoita. Interleukini 13 ikifika pale, chembe za ukuta zinatoa eotaksini ya 3, na eosinofili zinaifuata kama siafu na sukari. Kwa nini iwe pale na si kwingine, hapo ndipo wanapobishana. Ila kumbuka jambo moja: dawa za kuzuia interleukini 5 zimejaribiwa kwa binadamu, eosinofili zikapungua sana, lakini kumeza hakukuwa bora ipasavyo. Maana yake hata eosinofili zenyewe huenda ni mashahidi tu waliokutwa kwenye tukio.

#9 Hesabu_Kwanza
Ngojeni. Nyote mmeruka swali la kwanza: je, kweli ugonjwa unafuata msimu?

Kisa kinachotajwa sana ni cha Fogg na wenzake, 2003. Msichana wa miaka 21 mwenye pumu na mafua ya aleji, umio wake ulichafuka msimu wa chavua na ukatulia majira ya baridi. Kisa kimoja. Baadaye zikaja tafiti zilizoona wagonjwa wengi wanagunduliwa majira ya kuchipua, na nyingine hazikuona. Lucendo na wenzake walipozijumlisha pamoja, 2015, hawakukuta tofauti ya maana kati ya misimu.

Tena hata penye tofauti, tarehe ya kugunduliwa siyo tarehe ya kuugua. Ni tarehe ambayo kamera ilipatikana. Mtu anaweza kukaa na ugonjwa huu miaka kabla ya kupimwa, kwa sababu amejizoeza: anatafuna sana, anashushia kila tonge na maji, anakwepa nyama kavu. Huwezi kumpachika kwenye mwezi wa Juni kwa sababu tu Juni ndipo alipopata nauli ya kwenda Mombasa.

#10 KusiMalindi
Hesabu, hapo umenibana. Lakini tafiti hizo ni za nchi zenye baridi, ambako chavua ina mwanzo na mwisho. Huku kwetu haikatiki kabisa. Kuna nyasi baada ya masika na tena baada ya vuli, mnazi unachanua mwaka mzima, na mathenge kule Magarini. Huenda msimu haupo kwa sababu aleji yenyewe haipumziki.

#11 Hesabu_Kwanza
Basi hoja yako imekuwa haiwezi kukanushwa: msimu ukionekana ni chavua, usipoonekana ni chavua pia. Na upepo je? Kusi inatoka baharini. Mtu wa Shela aliyekaa mbele ya maji miezi ile anavuta chumvi kuliko chavua.

#12 Nahodha_Mstaafu
Kusi ni ya mchana. Alfajiri kuna umande, upepo wa nchi kavu, unatoka bara na kila kitu cha bara. Nyasi nazo humwaga asubuhi jua likipanda. Anayefungua madirisha saa kumi na mbili asubuhi ili apate ubaridi ndiye anayezikaribisha. Afungue jioni, upepo ukiwa wa bahari. Hilo la umio siwezi kulisemea.

#13 UtitiriHausemwi
Mnazozana juu ya maua na godoro la sufi halijatajwa. Unyevu wa pwani ni pepo ya utitiri wa vumbi. Huo haungoji masika, na wenye aleji ya utitiri ni wengi kuliko wa chavua katika miji yenye joto na unyevu. Ongezeni kinyesi cha mende na ukungu wa kuta za matumbawe zisizopata jua. PanyaMweupe mwenyewe ametaja ukungu, si chavua! Kama puani ndiko kunakoanzia, mshukiwa wangu wa kwanza yuko kitandani. Fua mashuka kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki, anika godoro juani, uone kama chafya za asubuhi hazipungui. Umio nao uupime kwa kamera, usikisie.

#14 Kemisti_wa_Zamani
Nije kwenye dawa, maana naona mnapita mbali.

Vidonge vya mzio kama setirizini vinatuliza pua na macho. Umio haviutulizi. Mtu asidhani kwa kuwa chafya zimekoma basi na kukwama kutakoma.

Omeprazoli, ile dawa ya asidi, inafaa kwa baadhi, na si kwa sababu ya asidi pekee: inazuia pia ile eotaksini ya #8. Kosa ninaloliona kila siku ni kipimo. Kidonge kimoja cha mg 20 kwa siku tano hakijajaribu chochote. Ni mg 20 mara mbili kwa siku, nusu saa kabla ya chakula, wiki 8 hadi 12, kisha kamera irudiwe. Zamani walitaka omeprazoli ishindwe kwanza ndipo ugonjwa upewe jina. Tangu makubaliano ya kimataifa ya 2018 hilo limeondolewa, sasa ni tiba kama tiba nyingine.

Njia ya pili ni steroidi ya kumeza. Walio na vidonge maalumu vya budesonidi vinavyoyeyuka mdomoni wamepumzika, lakini kwetu mara nyingi ni kutengeneza. Chukua chupa mbili ndogo za budesonidi ya mashine ya mvuke, zile za mg 0.5 katika ml 2, upate mg 1. Changanya na kitu kizito mpaka uwe uji wa kama ml 10. Unywe kidogo kidogo kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, mara ya mwisho wakati wa kulala. Usile wala kunywa nusu saa baada yake, kisha sukutua na uteme, la sivyo fangasi wa mdomoni watakuja. Uzito wa uji ndio siri: ukiwa mwepesi unateremka tumboni kwa sekunde chache na umio haupati kitu.

Wanaotumia pampu ya flutikasoni, steroidi nyingine, hapa inatumika kinyume cha pumu. Hakuna chupa ya kati, hakuna kuvuta pumzi. Puliza mdomoni, funga, meza. Ukivuta, umetibu mapafu. Yote haya kwa maagizo ya daktari, si kwa maagizo ya uzi.

#15 Mzinga_wa_Nyuki
"Kitu kizito" ni asali bila shaka. Na hapo hapo unapata chavua kidogo kidogo, mwili unaizoea na aleji inaisha. Asali ya mikoko ni kiboko.

#16 Kemisti_wa_Zamani
Asali inatumika kweli kwa uji huo, na inashika vizuri. La kuzoesha mwili nalikataa. Nyuki huchukua chavua ya maua yenye nekta, nzito na yenye kunata. Inayowasha pua ni ile kavu ya upepo, ya nyasi na mivinje. Ni kama kumfundisha mtu Kiarabu ili ajue Kichina. Na kama mgonjwa ana wasiwasi na asali, shira nzito ya kaimati, bila ya maziwa, inafanya kazi ile ile.

#17 PanyaMweupe
Nakazia #16, na kuna jambo zito zaidi. Tiba ya kuzoesha kwa matone ya chavua chini ya ulimi ipo Ulaya. Mwaka 2013 kiliripotiwa kisa cha mgonjwa aliyepata uvimbe huu wa umio akiwa kwenye matone ya chavua za miti, na alipoacha ukatulia. Wanaozoeshwa vyakula kwa mdomo nao, karibu 3 kati ya 100 huupata. Kwa hiyo Mzinga, usishauri watu wenye kukwama wajizoeze na chavua.

#18 BintiAmu
Asante sana PanyaMweupe! Matone yanawekwa chini ya ulimi na kumezwa. Hayakuvutwa puani. Sasa panya wako wa #6 watasemaje?

#19 PanyaMweupe
Watasema kipimo cha matone ni kikubwa mara nyingi kuliko ute wa siku nzima. Lakini nakiri umenipata kidogo.

#20 DaktariWaMiti
Kuna njia ya tatu ambayo haijaguswa: chavua na chakula vinafanana protini. Wazungu wenye aleji ya chavua ya mti uitwao birch hulalamika tofaa bichi linawawasha mdomo, lakini likipikwa hakuna neno, kwa kuwa protini ile inavunjwa na moto. Huku kwetu angalia embe, ndizi, tikiti na nyanya mbichi kwa wenye aleji ya nyasi au magugu. Kuwasha huanza ndani ya dakika chache na hubaki midomoni na kooni. Huenda mwenye chavua nyingi kinga yake imeshaamka, kisha kila kipande cha embe kinachopita kinaupiga umio. Hapo chavua inafungua mlango na chakula ndicho kinachoingia.

#21 FundiKamera
Tahadhari na embe. Wengi wanaosema "embe linaniwasha" wameguswa na utomvu wa kikonyo. Hiyo ni ngozi kuungua pembeni ya mdomo, inatokea baada ya saa nyingi au siku mbili, na haihusiani na chavua. Jaribio rahisi: menya, osha, mwingine akate, ule nyama ya ndani kwa uma. Ukiwashwa ndani ya dakika 10, rudi kwa #20. Usipowashwa, ni utomvu.

Na mwembe hautegemei upepo, wadudu ndio wanaouchavusha. Maua yake yananukia sana, ndiyo maana yanalaumiwa, huku nyasi chini yake zikimwaga kimya kimya.

#22 Jikoni_Mkomani
Kama ni chakula, tuzungumze chakula. Mwaka 1995 Kelly na wenzake waliwapa watoto lishe ya maji isiyo na protini nzima na umio ukapona, tangu hapo ikajulikana chakula ndicho mkosaji mkubwa. Vinavyoongoza ni maziwa ya wanyama, ngano, mayai, soya, njugu na jamii yake, samaki na kamba. Mambo ya kipimo cha kuchoma ngozi yasiwadanganye, hakibashiri vizuri chakula kipi kinauchoma umio.

Si lazima utoe vyote sita. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2023 kwa watu wazima: kati ya waliotoa maziwa peke yake, 34% vipande vyao vilionyesha wamepona, na kati ya waliotoa sita, 40%. Tofauti ndogo kwa mateso makubwa. Mpwani umwambie aache samaki, ngano na korosho kwa mpigo, atakula nini?

Sasa kutoa maziwa si kuacha chai ya maziwa tu. Biriani imelazwa kwenye mtindi. Halua imepikwa kwa samli, na samli huwa na mabaki ya protini. Mahamri ya tui hayana maziwa ya wanyama, ila wengine hutia ya unga, uliza. Maziwa ya mbuzi si mbadala, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Tui la nazi ndilo mbadala, na hapo tumejaliwa. Ukitoa na ngano, una vibibi na vitumbua vya mchele, muhogo wa nazi, na mkate wa mofa wa mtama, lakini hakikisha hawakuchanganya ngano. Mkate wa sinia una ute wa yai. Wiki 6 kamili, kamera, ndipo urudishe kimoja kimoja. Ukionja kaimati moja katikati umeharibu hesabu.

#23 KusiMalindi
Shukran Jikoni. Lakini kama chakula ndicho mkosaji, mbona kuna wanaotoa vyakula na hawaponi?

#24 PanyaMweupe
Hao ndio ambao watetezi wa chavua huwashikilia. Wengine husema hawakutoa sawasawa (taz. kaimati).

#25 Zahanati_ya_Bara
Nyote mmesahau minyoo. Eosinofili nyingi kwenye damu, huku kwetu, kwanza ni safura, kichocho au strongiloidi, na hazithibitishi umio wala aleji. Pima choo zaidi ya mara moja. Strongiloidi ndiye wa kuogopwa: mwenye naye akipewa steroidi za kumeza kama predinisoloni, minyoo inaweza kusambaa mwilini na kuua. Budesonidi ya umio kidogo tu huingia kwenye damu, lakini kwa nini ubahatishe? Albendazoli dozi moja haimtoshi huyo, anataka aivamektini kwa uzito wa mwili.

Na mtu wa miaka 50 anayekwama huku anakonda, uzi huu si wake. Akapigwe kamera haraka kwa ajili ya saratani.

#26 Hesabu_Kwanza
#25 ndiyo posti bora ya uzi huu, na haina chavua hata punje moja 😄

#27 Mshipi_na_Ndoano
Naomba jibu la haraka. Nyama ikikwama pale pale mezani, watu huku wanasukuma kwa tonge la ugali. Sawa?

#28 FundiKamera
Hapana! Ugali unajenga ukuta juu ya ukuta. Wala usipige mgongo: kama anapumua na kusema, kilichoziba ni umio, si pumzi. Akae wima, ateme mate, asile wala kunywa kitu. Mara nyingi kinateremka chenyewe. Akishindwa kumeza hata mate, ni hospitali ndani ya saa chache, asilale nacho. Maumivu makali ya kifua au shingo kuvimba, usingoje hata dakika. Kikiisha kuteremka asiseme "limepita". Na akitolewa kwa kamera, mkumbusheni daktari achukue na vipande siku ile ile, kwa sababu kijana anayekwamwa na nyama huwa ana ugonjwa huu mara nyingi kuliko tunavyodhani.

#29 KusiMalindi
Sasa kwa anayetaka kujua kama ni chavua kweli, afanyeje?

#30 Hesabu_Kwanza
Kamera mbili kwa mtu yule yule, moja nyasi zikichanua na nyingine kiangazi cha Februari, chakula kile kile na dawa zile zile. Ukibadilisha chakula kati yake, huna jibu. Sijui nani atakubali.

#31 UtitiriHausemwi
Na godoro lile lile.

#32 BintiAmu
Na daftari la pua: tarehe, chafya, macho, tonge lililokwama, upepo. Pua ikichafuka wiki moja kabla ya umio, mimi na PanyaMweupe tutaendelea kugombana, lakini wewe wa utitiri utanyamaza.

#33 Mzinga_wa_Nyuki
Kwa hiyo mivinje ikatwe?

#34 Nahodha_Mstaafu
Ukate na boriti utoe wapi? Funga dirisha la upande wa bara.

#35 DaktariWaMiti
Mzinga, mvinje una miti dume na jike mbalimbali, na ya mchanganyiko pia. Wa kiume ndio wenye vishada vya kahawia kwenye ncha. Ukipanda kando ya nyumba, angalia kwanza ni upi.

#36 Mzinga_wa_Nyuki
Mche wa kitaluni unaujuaje dume?

#37 DaktariWaMiti
Huujui. Subiri uchanue.